Mwanafunzi wa saikolojia akija kituoni kwenu: nani anamsimamia, na nani anabaki na wagonjwa?

Jioni moja baada ya kipindi cha afya tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa milimani. Alisema kuna dada mwanafunzi aliyekuwa akizungumza na kijana wake kila Jumanne kwenye kituo wanachohudumiwa. Kijana huyo alikuwa amekaa miezi bila kuongea na mtu, na kidogo kidogo akaanza kufunguka. Kisha Jumanne moja walipofika waliambiwa dada amemaliza fildi na amerudi chuoni. Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa tuendelee na nani?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa hewani. Tuliahidi kulitafuta, na makala hii ndiyo tuliyoyapata. Kituo hicho hatutakitaja, kwa sababu jambo lenyewe si la kituo kimoja. Linahusu kila shirika, hospitali, zahanati, nyumba ya upataji nafuu au kikundi cha kijamii kinachowapokea vijana wanaosomea saikolojia. Linakuhusu pia wewe unayekwenda kuhudumiwa, au unayempeleka ndugu yako.

KWA UFUPI

- Mwanafunzi wa saikolojia ni msaada mkubwa mahali penye wataalamu wachache, lakini hajawa mtaalamu kamili.
- Kituo kisicho na mtu wa kumsimamia kisimpe kazi ya kutoa ushauri.
- Tarehe ya kuondoka ijulikane tangu siku ya kwanza, kwa wafanyakazi na kwa wanaohudumiwa.
- Una haki ya kuuliza kama anayekuhudumia ni mwanafunzi, na una haki ya kukataa.

MWANASAIKOLOJIA NI NANI?

Wengi wetu huwachanganya watu hawa, kwa hiyo tuanze na majina.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kama madaktari wengine. Amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye magonjwa ya akili. Huyu anaandika dawa. Muuguzi wa afya ya akili amesomea kuwahudumia wagonjwa hawa, na mara nyingi ndiye utakayemkuta kliniki wilayani. Afisa ustawi wa jamii anashughulikia familia, malezi, ukatili na mahitaji ya kimaisha.

Mwanasaikolojia amesomea namna watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Haandiki dawa. Zana zake ni mazungumzo yenye utaratibu, vipimo vya maswali, na mazoezi anayompa mtu akayafanye nyumbani. Mtu mwenye sonona, hofu iliyopitiliza, au maumivu yaliyobaki baada ya msiba au ukatili anaweza kusaidika sana kwa mazungumzo ya namna hiyo, akiwa anatumia dawa au hatumii.

Na mwanafunzi je? Hapa ndipo vituo vingi vinapokosea, kwa sababu wanafunzi hawalingani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha saikolojia kwa shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha saikolojia tiba kwa shahada ya uzamili. Kijana wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza anakuja kuona, kusikiliza na kujifunza mazingira ya kazi. Wa shahada ya uzamili ameshasoma zaidi, na anaweza kupima hali ya mtu na kufanya naye mazungumzo ya tiba, ila chini ya jicho la msimamizi. Wote wawili watafika na barua ya chuo na begi mgongoni, na kwa sura huwezi kuwatofautisha. Kituo kiulize mapema: yuko mwaka wa ngapi, amesoma nini, na chuo kinataka afanye nini?

Muda nao ni mfupi. Mafunzo kwa vitendo ya shahada ya kwanza mara nyingi huwa wiki nane. Mtu aliyekaa kimya mwaka mzima anaweza kuhitaji wiki nne ili tu amwamini anayemsikiliza.

KWA NINI SISI HUKU TUNAWAHITAJI

Kwa miaka mingi mtu wa huku alipougua akili, safari iliyojulikana ilikuwa moja: Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza miaka ya 1920 wakati wa utawala wa Waingereza. Mgonjwa alipelekwa mbali na kwao, na akirudi alikuta kijiji kimeshampa jina.

Mkoa wetu una sehemu yake katika kubadilisha jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilianza majaribio ya kuingiza huduma za afya ya akili kwenye vituo vya afya na zahanati. Mikoa iliyochaguliwa ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa kwamba mhudumu wa kawaida wa afya, akifundishwa na akitembelewa na mtaalamu, anaweza kumtunza mgonjwa karibu na kwao. Hilo la kutembelewa na mtaalamu likumbuke, tutalirudia.

Mahitaji yapo. Novemba 2009 maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yaliua zaidi ya watu 20. Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana na kuungua moto eneo la Sabasaba hapa Same, na watu wasiopungua 38 walifariki. Ajali kama hizo huacha nyuma wafiwa, majeruhi, na waokoaji waliobeba miili kwa mikono yao. Ongeza wazee wanaobaki peke yao milimani watoto wao wakiwa Dar es Salaam na Arusha, vijana walionaswa na pombe na mirungi, na akina mama wanaoumia kimya baada ya kujifungua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Mtu wa Vudee au Chome hana mtaalamu wa saikolojia jirani yake. Kwa hiyo chuo kinapoleta vijana, mioyo yetu inakuwa tayari kusema karibuni. Tuseme karibuni, lakini tujipange kwanza.

KABLA HAJAFIKA

Barua ya utambulisho peke yake haitoshi. Kituo na chuo viandikiane makubaliano, hata kama ni ya ukurasa mmoja, yenye mambo haya:

- Tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.
- Jina la msimamizi wa kituo, jina la msimamizi wa chuo, na namba zao za simu.
- Kazi anazoruhusiwa kufanya akiwa peke yake, anazofanya akiwa na mwenzake, na asizoruhusiwa kabisa.
- Nani analipia malazi, chakula na nauli ya kwenda vijijini.
- Nini kifanyike akiugua, akipata ajali, au akikutana na hatari.
- Ahadi ya kutunza siri, iliyosainiwa.

Ofisi ya mganga mkuu wa wilaya na mratibu wa afya ya akili wa wilaya wajulishwe, kwa sababu ndiko mgonjwa atakakopelekwa akizidiwa. Mwanafunzi akipangiwa kutembelea kaya, mtendaji wa kijiji naye ajue. Mwanafunzi anayetoka nje ya nchi awe na vibali vya uhamiaji vinavyoendana na anachokuja kufanya. Kuja kama mtalii kisha kukaa chumba cha ushauri hakukubaliki.

Kituo kijiulize pia kinaweza kupokea wangapi. Msimamizi mmoja mwenye foleni ya wagonjwa hawezi kuwafuatilia vijana sita. Ni afadhali wawili wanaofundishwa vizuri kuliko sita wanaorandaranda.

Wiki ya kwanza iwe ya kuona tu. Akae kliniki, aangalie muuguzi anavyompokea mgonjwa, ajue mafaili yanakaa wapi, ajifunze dawa zinazotolewa na jinsi zinavyomfanya mtu asinzie au atetemeke. Mwanafunzi anayerukia mazungumzo ya tiba siku ya pili ana haraka ya kujaza daftari lake la mafunzo, na haraka hiyo analipa mgonjwa.

USIMAMIZI NDIO JAMBO LENYEWE

Tutoe mfano wa kwetu. Tulipokuwa tunasomea cheti cha utangazaji tulipelekwa fildi kwenye kituo kimoja cha redio. Wiki tatu za mwanzo kazi yetu ilikuwa kuchemsha chai na kununua vocha. Wiki ya nne mtangazaji mmoja hakutokea, tukasukumwa studio peke yetu tusome taarifa ya msiba. Jina la marehemu tukalikosea. Familia ile ilisikia jina la mtu wao likipotoshwa siku wanayomzika. Hakuna aliyetufundisha kabla, na hakuna aliyekaa nasi baadaye kutuuliza tumejifunza nini.

Makosa hayo mawili ndiyo yanayowapata wanafunzi wa saikolojia: kufanywa mtumishi wa bure, au kuachiwa kazi nzito bila mtu wa kuwaangalia. Tofauti ni kwamba jina lililokosewa redioni tuliweza kulisahihisha saa inayofuata. Mtu aliyefunguliwa kidonda cha moyoni na asiyejua kukifunga, hasahihishwi kwa tangazo.

Usimamizi unaofaa una mambo manne.

Kwanza, kikao cha kila wiki. Msimamizi na mwanafunzi wanakaa peke yao, mlango umefungwa, wanapitia kila mtu aliyeonwa wiki hiyo. Nchini Uingereza, ambako mafunzo ya saikolojia tiba huchukua miaka mitatu mwanafunzi akizunguka sehemu mbalimbali za kazi, saa moja ya kikao rasmi kila wiki ndiyo kiwango cha chini. Saa moja inawezekana hata Same.

Pili, kumwona akifanya kazi. Maelezo ya mwanafunzi hayatoshi, kwa sababu hawezi kueleza kosa asilojua kuwa ni kosa. Msimamizi akae naye chumbani mara kadhaa, mgonjwa akiwa amekubali.

Tatu, simu inayopokelewa. Yako mambo yasiyosubiri kikao cha Ijumaa: mtu anayesema anataka kujiua, mtoto anayeeleza kuwa anafanyiwa ukatili, mtu anayesikia sauti zinazomwamuru kudhuru wengine. Mwanafunzi lazima ajue siku hiyo hiyo anampigia nani, na huyo asipopokea anampigia nani mwingine.

Nne, kumtunza mwanafunzi mwenyewe. Ni kijana wa miaka 22 au 23, yuko mbali na kwao, na mchana kutwa amesikia habari za kubakwa, vipigo na vifo. Asipokuwa na mahali pa kuutua mzigo huo atakosa usingizi, au atajifanya jiwe.

Je, kituo kisicho na mwanasaikolojia kifanye nini? Vituo vingi vya huku viko hivyo. Muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii anaweza kumsimamia kila siku, na mwanasaikolojia wa chuo akafanya naye kikao kwa simu kila wiki. Mtandao ukisumbua mlimani, ateremke mjini siku ya gulio. Lakini kama hakuna muuguzi, hakuna afisa ustawi na chuo hakipigi simu, basi asitoe ushauri kwa mtu mmoja mmoja. Apewe kazi nyingine za maana: elimu kwa wanafunzi wa sekondari, mikutano ya wazazi, kusaidia kikundi cha familia zinazouguza. Kusema "hili hatuliwezi" ni uaminifu.

Wako walioonyesha kwamba hata asiye mtaalamu anaweza kusaidia akisimamiwa. Zimbabwe, daktari bingwa Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwatumia bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa jamii, wanaokaa na watu kwenye benchi na kuzungumza nao kuhusu matatizo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawa walifundishwa, walipewa hatua za kufuata, na walikuwa na wa kumwendea wakikwama. Ni kile kile kilichofikiriwa Kilimanjaro miaka ya 1980: kutembelewa na mtaalamu.

LUGHA, IMANI NA SIRI

Mwanafunzi aliyesomea Dar es Salaam amejifunza majina ya magonjwa kwa Kiingereza. Hapa atakutana na mama anayesema "nina mawazo" au "moyo wangu ni mzito", na asipojua kusikiliza atadhani ni maneno ya kawaida. Mara nyingi mtu anayesema ana mawazo anaeleza sonona kwa lugha yake. Mwingine atasema kichwa kinauma au tumbo linawaka moto, na vipimo vyote vimetoka safi.

Wazee wengine wa milimani wako huru zaidi wakizungumza Chasu. Akihitajika mkalimani, asiwe mtoto wa mgonjwa wala jirani. Kuna mambo baba hawezi kuyasema mdomoni mwa binti yake. Kituo kiteue mfanyakazi mtu mzima anayeaminika, naye aape kutunza siri kama wengine. Mwanafunzi naye afundishwe adabu ya kwetu: salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, na kutokuingia kwenye habari ya ugonjwa kabla hajaulizia hali ya nyumbani.

Familia nyingi zimepita kwa mchungaji, kwa shehe au kwa mganga wa jadi kabla ya kufika kituoni. Mwanafunzi asiwacheke. Aulize kilichofanyika, aelewe familia inaamini nini, na ashughulike na linalodhuru, kama mgonjwa kufungwa kamba au kuachishwa dawa. Sala na dawa vinaweza kwenda pamoja.

Kuhusu siri, milima yetu ina macho. Mgeni akionekana kwenye bodaboda akielekea nyumba fulani kila Alhamisi, jioni kijiji kizima kinajua. Mtu aulizwe anataka kuonwa wapi kabla ya kutembelewa kwake. Mwanafunzi asipige picha za wagonjwa, asiweke habari zao kwenye makundi ya WhatsApp, na ripoti anayopeleka chuoni isiwe na majina wala mambo yatakayomtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za afya pia.

AJALI AU MAAFA YAKITOKEA

Watu wengi hudhani baada ya ajali kubwa wanafunzi wa saikolojia wapelekwe haraka wakawafanye wafiwa waeleze yote. Sivyo. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na nani anahitaji maji, blanketi au ndugu yake. Sikiliza anayetaka kusema, usimlazimishe anayenyamaza. Muunganishe na familia na huduma. Mwanafunzi aliyefundishwa hatua hizi anafaa sana siku kama hiyo, akiwa ndani ya timu. Akiwa peke yake na daftari lake mbele ya mfiwa, anaongeza maumivu.

HAKI ZAKO WEWE UNAYEHUDUMIWA

- Kujulishwa kuwa anayekuhudumia ni mwanafunzi. Asijiite daktari.
- Kujua jina la msimamizi wake na namna ya kumpata.
- Kukataa kuonwa na mwanafunzi, au kukataa asikae chumbani, bila kunyimwa huduma.
- Kuelezwa siri yako inatunzwaje, na ni wakati gani haiwezi kutunzwa, kama maisha ya mtu yakiwa hatarini.
- Kujua mwanafunzi anaondoka lini na nani atakupokea.
- Kulalamika kwa mkuu wa kituo bila kuogopa.

Jambo moja zaidi: mwanafunzi hakudai pesa, zawadi wala "asante" ya kuku ili akuone. Ukidaiwa, toa taarifa.

SIKU YA KUONDOKA

Sasa turudi kwa mama yetu. Yule dada mwanafunzi huenda alifanya kazi nzuri kabisa. Kilichokosekana ni kuaga. Kwa mtu aliyewahi kuachwa, na wengi wanaotafuta msaada waliachwa na mtu, kutoweka kwa anayemwamini ni kuachwa tena. Wengine hawarudi kituoni kamwe. Wengine huacha na dawa.

Kuaga kuna utaratibu wake, na hakuna gharama yoyote:

1. Siku ya kwanza mwanafunzi amwambie mtu: "Niko hapa mpaka tarehe fulani."
2. Wiki tatu za mwisho asipokee watu wapya. Zimalizie kazi aliyoianza.
3. Wiki mbili kabla, wakae watatu: anayehudumiwa, mwanafunzi, na mfanyakazi wa kudumu atakayempokea. Mtu amwone kwa macho atakayeendelea naye.
4. Mwanafunzi aandike muhtasari kwenye faili: alikujaje, wamefanya nini, nini kimesaidia, nini cha kuangalia. Uwe wa Kiswahili kinachosomeka, msimamizi ausome na kuusaini.
5. Siku ya mwisho wazungumze kuhusu kuagana kwenyewe. Anayetaka kukasirika, akasirike. Anayetaka kulia, alie.
6. Mwanafunzi asiachie namba yake binafsi wala kuahidi "nitarudi" asipojua kama atarudi.
7. Mwezi mmoja baadaye kituo kipige simu au kimtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii kuona kama mtu bado anahudhuria.

Wenzetu wa milima ya Usambara wana mfano wa kutazama. Lutindi, wilayani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na inajulikana kwa tiba ya kazi: wagonjwa hushiriki shambani na kwenye karakana. Mahali penye siku yenye utaratibu wake namna hiyo, mgeni anaingia kwenye maisha yanayoendelea, na akiondoka maisha hayo yanabaki. Shirika dogo la kwetu haliwezi kuwa Lutindi. Linaweza kuwa na siku maalumu ya kliniki, kikundi kinachokutana kila wiki na sura zile zile za wafanyakazi, ili uzito wote usimwangukie mwanafunzi mmoja.

Nchi nayo ina wajibu. Afrika Kusini, wanaomaliza saikolojia tiba hufanya mwaka mmoja wa utumishi kwa jamii, na wengine hupelekwa vijijini. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya wanasihi na wanasaikolojia inayounda bodi ya kuwasajili. Tukitaka vijana wetu warudi milimani wakiwa wataalamu, lazima wakute nafasi za kazi zinazowasubiri. Wiki nane za fildi hazizibi pengo la mfanyakazi wa kudumu.

TULICHOMJIBU MAMA

Tulimshauri arudi kituoni aulize mambo matatu: faili la kijana liko wapi, nani amelisoma, na ni lini huyo aliyelisoma atakaa naye. Baada ya siku kadhaa alituandikia tena. Muuguzi alilitafuta faili, akalisoma, akawaita. Mara ya kwanza kijana alikataa kuingia, akakaa nje kwenye benchi mpaka mama yake alipotoka. Mara ya pili aliingia, hakusema neno, lakini alikaa mpaka mwisho. Mama anasema wanakwenda tena.

Kama wewe au mtu wa kwenu ana mawazo ya kujiua, usisubiri siku ya kliniki. Msimwache peke yake, ondoeni sumu za shambani na vitu vingine vya hatari karibu naye, na mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya, na 116 ni ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto.

Na wewe unayeongoza kituo au unayesomea saikolojia, tuandikie kwa ujumbe wa simu wakati wa kipindi. Tueleze mmejipangaje. Wenzako wa Gonja, Hedaru na Usangi wanasikiliza.